Kuhani naye alimwona

Mahubiri ya Msamaria mwema huku kwetu karibu kila mara huishia palepale: tufungue macho. Mhubiri atamtaja mama mjamzito aliyesimama kwenye daladala huku vijana waliokaa wamejifanya kusinzia, atamtaja jirani ambaye jiko lake halijawashwa siku ya pili, kisha ataomba Mungu atupe macho ya kuona. Amina, amina. Nimeitikia hivyo miaka mingi, mpaka siku moja nikaisoma Luka 10 taratibu nikakuta kwamba katika kisa kile cha mtu aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa njiani, hakuna asiyeona. "Kwa nasibu kuhani mmoja alishuka kwa njia ile, na alipomwona alipita kando." Mlawi, mhudumu wa hekaluni, vivyo hivyo, akamwona, akapita kando. Msamaria naye alimwona. Wote watatu walikuwa wazima wa macho.

Kwa hiyo wanaohimiza kuona wana hoja, ila nadhani wameishika kwa mkia.

Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia ya Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa jengo la pili akatoe hotuba fupi, na baadhi yao mada yao ilikuwa huyuhuyu Msamaria. Njiani aliwekwa mtu amejiinamia mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa muda upo, 63 katika kila 100 walimsaidia kwa namna moja au nyingine. Walioambiwa wamechelewa, 10 tu. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Wapo waliomruka mgonjwa wakimbilie kuhubiri habari za Msamaria.

Ningewacheka kama nisingekuwa na yangu. Jumamosi moja, jirani na Kimara Mwisho, Dar es Salaam, bodaboda ilimwangusha abiria hatua chache mbele yangu. Kiatu kimoja cha yule abiria kilibaki katikati ya barabara, na mfuko wa nyanya ulikuwa umepasuka. Nilikuwa nawahi kikao cha kamati ya harusi, mimi ndiye mweka hazina, daftari la michango liko kwapani. Nikasema moyoni, watu wapo. Nikapita. (Kikao chenyewe kilianza saa nzima baadaye, kama kawaida ya vikao vyetu.)

Haraka haikuwa peke yake, nikiri. Mjini hapa kila mtu ana habari ya fulani aliyembeba majeruhi, akaambiwa ngoja PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, akaishia kuandika maelezo kituo cha polisi hadi usiku, na ndugu wa majeruhi wakamkazia macho kama vile yeye ndiye aliyegonga. Hofu hiyo si uoga mtupu. Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko nayo inateremka zaidi ya mita 1,000 kwenye majabali makavu yenye kona za kujificha. Kuhani alikuwa na sababu ya kudhani wanyang'anyi hawajaenda mbali.

Upande wa pili wa mjadala huu hupewa nafasi ndogo madhabahuni, nami naona ni wa watu makini. Wanasema: wema wa kushtukiza ni wema wa bahati nasibu. Unampa aliye mbele yako, yule aliyelala ndani hawezi kutoka humwoni kamwe. Halafu wapo wanaoijua huruma yetu kuliko sisi wenyewe, kama yule bwana wa kituo cha daladala ambaye cheti chake cha dawa kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka hakisomeki, na mgonjwa wake haponi wala hafi. Dawa yao ni utaratibu: kapu la wahitaji, orodha ya wajane, watu wa jumuiya wanaokwenda nyumba kwa nyumba. Na wana Maandiko. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuhubiri kuhusu kufungua macho. Walisema wachaguliwe watu 7 wakabidhiwe kazi.

Hoja hiyo naikubali karibu yote. Inaponikwama ni hapa: utaratibu nao hugeuka kuwa njia ya kupita kando. Nimekwisha toa sadaka, mambo mengine wataona wazee wa kanisa. Na aliyeanguka barabarani saa 9 alasiri hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Wanaochoka kwa kuombwa kila siku, hasa akina mama ambao kila mwenye shida mtaani anaujua mlango wao, watazame zile dinari mbili za Msamaria. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku. Msamaria alifunga jeraha, akamtunza mgonjwa usiku mmoja, asubuhi akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni pamoja na hizo dinari, akaahidi kulipa kitakachozidi, akaendelea na safari yake. Hakuhamia Yeriko. Alitoa akiba na muda wa mtu mwenye shughuli zake, na sehemu ya kazi akamwachia aliyekuwa na vitanda.

Yule wa Kimara alisaidiwa na muuza miwa. Niligeuka mara moja tu, nikamwona amemwachia kijana mmoja toroli lake na kisu, anamwinua majeruhi kumwingiza kwenye bajaji, mikono bado inanata sukari. Jioni nikirudi toroli lilikuwa palepale na miwa imepungua. Iliuzwa au iliibwa, sijui. Kesho yake nilinunua miwa ya mia tano kwake. Alinikatia vipande, akaniongeza kimoja. Sikumuuliza habari za mgonjwa.