Azima ya Cherehani na Lawama ya Uchoyo

Fundi anayemnyima jirani cherehani, hasa katika mitaa yetu ya Dar es Salaam ambako milango inatazamana, huhukumiwa kabla hajajieleza. Mtaani kwetu Buguruni jambo hilo lilitokea siku chache baada ya Idi. Binti mmoja aliyekuwa amemaliza mafunzo ya ushonaji ya miezi mitatu alimwendea fundi mzee wa jirani na kumwomba amwazime cherehani yake ya pili, ile nyeusi ya miguu iliyokaa pembeni mwa fremu ikiwa imefunikwa kipande cha kitenge. Mzee alikataa kwa upole. Kufikia jioni kina mama wawili watatu walikuwa wamekwisha kumwita mchoyo, na mmoja wao akakumbusha kwamba huyo mzee naye alijifunzia kwenye cherehani ya mtu. Nimekuwa nikilifikiria shauri hilo tangu siku ile, kwa kuwa nami nimeshona miaka mingi na nimewahi kuwa mwombaji na mwombwaji.

Hoja ya mwombaji ina uzito, na asiyeiona hajawahi kuanza kazi bila kitu. Ushonaji hukaa mikononi zaidi kuliko kichwani. Mwanafunzi anayetoka darasani, ambako pengine walikuwa watatu kwa cherehani moja, akikaa mwezi mzima nyumbani bila kushona atakuta mkono umesahau namna ya kuzungusha kola au kupachika zipu bila kuikunja. Kununua cherehani kunataka fedha, fedha zinataka wateja, na mteja hampi kitambaa chake mtu asiye na cherehani. Binti yule hakuomba sadaka. Aliomba muda wa kutumia chombo kilichokuwa kimekaa tu. Ndiyo maana mmoja wa kina mama alitaja Sura ya Al-Maun, ya 107 katika Qurani, inayowalaumu wanaowanyima wenzao vyombo vya kusaidiana, na ambayo wafasiri wa tangu zamani waliitolea mifano ya chungu, ndoo na shoka. Katika mji ambao jirani huomba chumvi na mbuzi ya kukunia nazi bila kuona haya, kukataa kuazima ni jambo linaloumiza.

Hata hivyo, chungu, ndoo na shoka vina sifa moja ambayo cherehani haina, nayo ni kwamba vikiharibika huonekana. Chungu kikipasuka, aliyekiazima anajua kimepasuka, aliyekiazimisha anajua pia, na mazungumzo yao yanaanzia kwenye jambo ambalo wote wawili wanaliona kwa macho. Cherehani hurudishwa ikiwa na gurudumu lake, mkanda wake na sindano yake, meza imefutwa vumbi, na aliyeirudisha anashukuru kwa moyo mweupe kabisa, ilhali ndani yake kumesogea kitu kwa kipimo kisichofika unene wa ukucha. Mwenye cherehani huligundua jambo hilo kesho yake au wiki inayofuata, mteja akiwa amekaa kwenye benchi anasubiri. Akisema cherehani yake iliharibiwa, anaonekana mtu mwenye kinyongo, kwa sababu kila mtu aliiona ikirudi nzima.

Mshono wa cherehani hufanywa na nyuzi mbili, wa juu unaopita kwenye sindano na wa chini unaotoka kwenye bobini, kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini ya sindano. Sindano ikishafika mwisho wa kushuka huanza kupanda, na inapopanda kiasi cha milimita 2 hivi uzi wa juu hufanya kitanzi kidogo nyuma yake. Ncha ya kulabu, chuma kilichopinda kinachozunguka chini kando ya bobini, inapaswa kupita hapo wakati huohuo, karibu kabisa na sindano bila kuigusa, ikichukue kitanzi na kukizungusha kwenye bobini. Ikiwahi au ikichelewa kidogo tu, au ikikaa mbali na sindano kwa zaidi ya unene wa karatasi chache, cherehani huanza kuruka mishono. Kazi yote ya fundi inategemea ukaribu huo, na mtu asiyezoea huuvuruga bila kuikosea heshima mali ya mwenzake hata kidogo. Huvuta kitambaa kwa nyuma akidhani anakisaidia kwenda, wakati ni meno ya chini yanayokisukuma. Sindano hupinda, hugonga bamba la chuma lililo chini ya kitambaa, na huendelea kushona ikiwa na ncha iliyojikunja ambayo macho hayaioni. Akibadilisha sindano huipachika ubavu wake bapa ukielekea kusiko. Kwenye cherehani ya miguu huanza kukanyaga kabla hajalishika gurudumu kwa mkono, nalo likazunguka kinyume na kuusokota uzi. Akijaza bobini hulegeza kirungu cha katikati ya gurudumu, kisha akasahau kukikaza, akashangaa kwamba anakanyaga na sindano imetulia.

Hayo yote mtu anaweza kuyavumilia. Kosa ninalotaka kulikalia ni lile linalofanya nyuzi zilundikane chini ya kitambaa, kwa sababu ndilo linalozaa hasara kubwa kutoka kwenye jambo dogo kupita yote. Uzi wa juu hupitishwa kati ya visahani viwili vinavyoubana. Mguu wa kukandamizia kitambaa ukiwa umeinuliwa, visahani huachana na uzi hukaa mahali pake. Ukiwa umeshushwa, visahani hufungana na uzi hubaki pembeni, ukionekana umepita wakati haujabanwa. Mtu akianza kushona hivyo, uzi wa juu huteremka bila kizuizi na kufanya kichaka chini ya nguo. Sasa mfikirie binti wa watu akiwa peke yake usiku chumbani. Anageuza nguo, anaona vurugu iko upande wa chini, na akili yake, ambayo haina kosa, inamwambia kwamba tatizo liko kwenye bobini. Anachukua kisu cha jikoni, analegeza ile skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kikasha cha bobini. Vurugu inabaki palepale. Anaikaza, anailegeza tena, inadondoka kwenye zulia, anaitafuta kwa tochi ya simu, anairudisha. Anahamia kwenye kirungu cha juu, kile cha kukazia visahani, anakizungusha mpaka mwisho. Anafungua bamba, anachokoa nyuzi kwa ncha ya kisu na kuikwaruza kulabu. Mwishowe anapitisha uzi upya kwa mara ya kumi, safari hii mguu ukiwa juu kwa bahati tu, na cherehani inakubali kushona.

Dawa ya tatizo lile ilikuwa kuinua mguu na kupitisha uzi upya, kazi ya sekunde chache. Badala yake, katika saa mbili za usiku mmoja, mipangilio ambayo fundi ameitafuta kwa miaka, kwa uzi anaoununua yeye Kariakoo na vitambaa anavyoshona yeye, imeondoka yote. Kulabu ina mkwaruzo utakaokata uzi kila kitambaa kizito kinapopita. Na hakuna kilichovunjika. Binti ataamini, na ataapa akiombwa aape, kwamba hakuharibu kitu. Atakuwa mkweli kwa kadiri ya ujuzi wake, na ukweli huo ndio unaomnyima mwenye cherehani hata nafasi ya kudai.

Mimi niliwahi kumwazima dada mmoja wa mtaani cherehani mwezi wa Desemba, akashona mapazia ya nyumbani kwake, akairudisha baada ya wiki moja akiwa na sahani ya vitumbua. Kwangu kulikuwa na mashati meupe ya shule ya kushonwa kabla shule hazijafunguliwa Januari, kipindi ambacho fundi wa sare hutafuta karibu fedha zake zote za miezi mitatu inayofuata. Shati la kwanza liliruka kwenye ukanda wa vifungo. La pili vilevile. Nilibadilisha sindano, nikabadilisha uzi, kisha nikaipeleka cherehani kwa mtengenezaji, aliyekuwa na foleni ya watu wenye haraka kama yangu, nikakaa siku nne bila kazi. Alipoifungua alikuta mafuta ya kula yameanza kugandia kwenye mashimo yanayotiwa mafuta ya cherehani. Dada wa watu alikuwa ameitia mafuta ili anirudishie ikiwa laini. Sikumwambia mpaka leo, kwa kuwa sikuona namna ya kumwambia bila kuifanya hisani yake kuwa kosa, lakini wateja wawili waliochukua vitambaa vyao hawakurudi.

Wanaoleta hoja ya dini wanapaswa kuifikisha mwisho. Katika fikihi, yaani sheria ya dini, ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, aliyeazima kitu hubeba dhamana kikiharibika mikononi mwake, isipokuwa kwa uchakavu unaotokana na matumizi aliyoruhusiwa. Sheria hiyo inamlinda mwenye mali, na ni ya haki. Kwenye cherehani, hata hivyo, ni vigumu kuitekeleza, kwa sababu mpaka kati ya uchakavu wa kawaida na uharibifu umejificha chini ya bamba, na majirani wawili wasioweza kukubaliana nini kimetokea hawawezi kukubaliana nani alipe. Fundi anayekataa mara nyingi anaulinda pia ujirani.

Upande wa pili una jambo moja ambalo mafundi hatulisemi. Cherehani tunazoziazimisha huwa ni zile tulizochoka nazo. Ile nyeusi iliyofunikwa kitenge haikukaa pembeni bila sababu. Pengine inakata uzi, pengine mkanda wake unateleza, na mwenyewe anajua namna ya kuibembeleza kwa kidole gumba kwenye gurudumu. Mkongwe wa kazi hushonea hata cherehani mbovu, kwa kuwa anajua kosa ni la mashine. Anayeanza hana namna ya kujua. Kila uzi unapokatika anadhani ni mkono wake, na baada ya wiki mbili za kukatikiwa anaamini kwamba hana kipaji. Nimewaona wasichana walioacha ushonaji kwa sababu hiyo, na hasara yao ni kubwa kuliko mashati yangu. Tena tunakabidhi cherehani kwa maelezo ya dakika tano mlangoni, mteja akituita, kisha tunalalamika kwamba hakujua.

Kosa hilo la kukabidhi mashine bila maarifa yake limekuwa kubwa kuliko mtaa. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, utaratibu uliositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ni utaratibu mzuri, na cherehani ni miongoni mwa vitu ambavyo vikundi hupenda kuvinunua. Lakini cherehani ya kikundi ikizunguka nyumba hadi nyumba, kila mwanachama hurithi skrubu zilizochezewa na aliyemtangulia, na hakuna anayewajibika kuzirudisha mahali pake. Kampuni ya Singer ya Marekani ilipoanza mwaka 1856 kuwaachia watu cherehani wakilipa kidogo kidogo, ilikuwa pia na wanawake wa kuwaonyesha wateja namna ya kuzitumia. Sababu naiona wazi: asiyeweza kushonea cherehani hawezi kuilipia.

Kwa hiyo, nikilazimika kusema, nasema mzee wa Buguruni alikuwa na haki ya kukataa, na waliomwita mchoyo walimkosea. Haki hiyo, hata hivyo, ilimtaka aseme sentensi moja zaidi, kwamba cherehani haiondoki lakini kiti kipo. Mtu asiyezoea anahitaji zaidi mahali pa kukosea mbele ya mtu anayejua, ambapo vurugu ya nyuzi ikitokea kuna sauti ya kumwambia inua mguu kabla hajafikia kisu. Akishaweza kupitisha uzi, kujaza bobini, kubadilisha sindano na kuondoa vurugu bila kugusa skrubu hata moja, mpe aende nayo nyumbani, na mpe iliyo nzima. Najua si kila fundi ana nafasi kwenye fremu ya kumweka mtu wa pili, na mwenye cherehani moja tu hawezi kuigawa mchana. Huyo namsamehe kabisa.

Nilimweleza mzee hayo, tukiwa tumekaa nje ya fremu yake. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba aliogopa binti angedhani anamfanya kibarua. Kesho yake alimtuma mjukuu wake akamwite. "Mwanangu, cherehani haitoki hapa," alimwambia, "ila njoo ushonee hapa baada ya Alasiri." Akaondoa kile kitenge, akafunga mkanda mpya.

Juzi nilipita pale nikamkuta binti anashona pindo la kanga. Sauti ya cherehani ilibadilika, ikawa nzito. Akasimamisha miguu palepale, akainua mguu wa kukandamizia, akakata uzi, akautoa wote na kuanza kuupitisha upya kutoka juu, taratibu, akiufuata kwa kidole. Bisibisi ilikuwa mezani karibu na mkono wake, hakuitazama. Mzee alikuwa amempa mgongo, anakata kitambaa.