Kuni za Lord Egerton alizipasua nani?

Mtu akianza kukusimulia kasri la Lord Egerton pale Ngata, nje kidogo ya mji wa Nakuru, huenda ukaimalizia hadithi wewe mwenyewe. Bwana mkubwa wa Kiingereza alimpenda mwanamke wa ukoo wa kifalme. Alipomwonyesha nyumba yake, bibie akaidharau, akasema ni banda la kuku. Bwana akajenga jumba la mawe lenye vyumba 52, ila mwenye kujengewa hakurudi. Basi akawapiga wanawake marufuku wasikanyage kwake, na wapo wanaoongeza kwamba hata kuku hakutaka kuwaona.

Hadithi tamu, na sina ugomvi na mapenzi. Maharusi wanakuja kupiga picha kwenye ngazi zile na wanapendeza kweli. Kinachoniuma ni kwamba tumeikumbatia hadithi moja hadi ikawa pazia. Tunamjua mwanamke aliyekataa kuingia, na hatuwajui watu walioingia na kutoka kila siku, mikono imejaa.

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu. Alizunguka polepole, akigusa mbao za ukutani kwa ncha za vidole kama mtu anayepima kitambaa sokoni. Kwenye mahali pa kuotea moto akasimama muda mrefu. Mama amekulia upande wa Njoro, nchi iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huko anaijua ndani ya mifupa. Akanivuta mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kuni za nyumba hii yote alikuwa akizipasua nani?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma upya historia ya jumba hili, safari hii nikianzia kwenye kuni.

Ujenzi ulianza 1938, ukakatizwa na Vita Kuu ya Pili, ukakamilika 1954. Hebu tuitazame miaka hiyo ilivyokuwa kwa watu wengine. Mwaka wa 1939 serikali ya kikoloni ilipitisha amri iliyoweka mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu. Ndani ya mipaka hiyo Mwafrika hakuweza kumiliki shamba. Angeweza kukaa kama kibarua tu, au kama skwota. Na uskwota ulikuwa na masharti yake: kwa sheria ya 1918, ili uruhusiwe kujenga kibanda, kulima kishamba chako na kulisha mbuzi zako, ulitakiwa umfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mwanamume alitembea na kipande, karatasi ya utambulisho iliyotiwa ndani ya kidude cha bati na kuning'inizwa shingoni.

Mwaka huohuo wa 1939 Egerton alianzisha shule ya kilimo Njoro, kwenye ekari 740 alizozitoa mwenyewe. Ilikuwa ya vijana wa Kizungu, waje wajifunze kuendesha mashamba ya nchi hii.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ikipambana na Mau Mau. Mwaka uliofuata, maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wameishi Bonde la Ufa kwa miaka mingi walipakiwa kwenye malori na magari moshi, wakarudishwa kwenye maeneo waliyotengewa, ambako wengine hawakuwa hata na mahali pa kujiegesha. Jumba likakamilika 1954, mambo hayo yakiendelea. Siwezi tena kuutazama ule ukumbi wa dansi bila kuikumbuka tarehe hiyo.

Simfanyi Egerton kuwa shetani. Alikuwa mtu wa ajabu kwa zama zake. Alizaliwa 1874, akapenda magari na ndege, na mwaka wa 1910 akapata leseni ya urubani, ya 11 kutolewa na klabu ya warubani ya Uingereza. Alifariki 1958 bila mtoto, na cheo cha ukoo wake kikazimika pamoja naye. Nyumba ya wazee wake kule Cheshire, Tatton Park, iliachiwa shirika la National Trust. Ukienda huko leo hukuti sebule za mabwana peke yake. Mgeni anashuka hadi jikoni na vyumba vya chini walikofanyia kazi watumishi. Kama mpishi wa Tatton anastahili kukumbukwa, mchonga mawe wa Ngata anakosa nini?

Kilichonishangaza zaidi katika kusoma kwangu ni shule yenyewe. Mwaka wa 1950 ilianza kutoa diploma, baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka wa 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Jumba nalo sasa ni mali ya chuo hicho. Mjukuu wa skwota aliyelima kishamba cha kuazima anaweza kusomea udongo na mbegu chini ya jina lilelile, na nyumba ya bwana ikawa ni nyumba ya chuo chake. Mimi naona hiyo ndiyo hadithi kubwa ya jengo lile, na inamzidi yule binti wa kifalme mbali sana.

Ningependa kila anayesimulia kasri lile, kuanzia dereva wa matatu hadi mwalimu anayepeleka watoto, aitaje hiyo 1939 na siku milango ilipofunguliwa kwa wote. Na ningependa familia za Ngata na Njoro ziulizwe mapema: nani alibeba maji, nani alichonga mawe, alilipwa nini, alilala wapi. Kijana aliyekuwa na miaka 15 jumba lilipokamilika sasa ameshapita 80. Hao hawatatungoja.

Tulipokuwa tunaondoka nilimwambia mama asimame kwenye ngazi za mbele nimpige picha. Akakataa. Akazunguka hadi nyuma ya nyumba, akatafuta mahali ambapo ukuta bado una alama za patasi, akaweka kiganja juu ya jiwe na kuniambia, "Hapa. Piga hapa."