Sisi tumechanga, mwenye shule kachanga nini?

Jumamosi iliyopita nilikuwa pale Holili, upande wetu, nimemshikia Ticha begi kabla hajavuka. Begi la mgongoni, sanduku moja, na boksi la vitabu vya Hesabu lililofungwa kwa kamba ya katani. Miaka minne ya kuwafundisha watoto wetu iliingia nyuma ya Noah na nafasi ikabaki. Nimerudi Moshi na hasira ambazo mpaka leo hazijaisha, kwa hiyo mtanivumilia.

Wenye watoto pale shuleni mnaijua habari yote. Kwa wengine, kwa ufupi: mwalimu wetu wa Hesabu ni Mkenya, maofisa wa Uhamiaji walipita shuleni kukagua, kibali cha kazi hana, cha ukaazi hana, akapewa siku saba awe ameondoka. Siyo kwamba kibali kiliisha muda. Hakikuwahi kuwepo. Nimeiona pasipoti yake kwa macho yangu, kurasa nzima nzima ni mihuri ya Holili na Taveta, Holili na Taveta, kama daftari la mtoto anayeandikishwa adhabu. Kila muda wake wa kukaa ukikaribia kwisha alikuwa anapanda gari alfajiri, anavuka, anakunywa chai Taveta, anarudi kama mgeni aliyekuja kututembelea. Jumatatu saa moja na nusu yuko ubaoni.

Na ubaoni alikuwa ubaoni kweli. Hili ni somo ambalo NECTA wakitoa matokeo ya kidato cha nne hatushangai tena kuliona linaburuza mkia. Binti yangu alikuwa analia akiona sehemu, namaanisha zile za nusu na robo, achilia mbali mambo ya x na y. Siku moja nikamkuta jikoni amepanga vitunguu kwenye sinia anamfundisha mdogo wake ratio. Nilisimama mlangoni na mwiko wangu, sikusema kitu, nikaogopa nikikohoa itaondoka.

Basi habari ya siku saba ilipofika kwenye grupu la wazazi, watu walilipuka. Sijawahi kuona. Sisi ambao kukubaliana rangi ya sweta kulituchukua muhula mzima, kwa siku mbili tulichanga 1,870,000. Mama mmoja anauza ndizi Mbuyuni, hana hata mtoto kidato cha tatu, mwanawe alishamaliza, alituma 5,000 na ujumbe: "Ya Ticha." Mzee mmoja mwanasheria mstaafu aliandika barua bila kudai hata nauli. Watoto nao wakaandika ya kwao, wakatia saini 43, na kuna mmoja aliandika kwamba Ticha akiondoka, yeye na logarithimu ndiyo basi tena. Tukavaa vizuri, tukaenda ofisi ya Uhamiaji watu kumi na mmoja na bahasha yetu.

Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu zake. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasoma barua zote mbili, hata akatabasamu kwenye logarithimu. Halafu akatuuliza, "Sawa, mama zangu. Lakini anayeomba kibali ni mwajiri. Mwajiri yuko wapi?"

Tukatazamana.

Kumi na mmoja tuliokuja, vitenge na suti moja, na hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza Mkurugenzi, mwenye shule yake, kama anakuja. Tulikwenda kumwombea mwalimu huruma, kana kwamba kosa ni lake, kwa ofisi ambayo inatekeleza sheria, tukamwacha nyumbani mtu ambaye sheria yenyewe inamtaja. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 haijajificha. Unapotaka kumwajiri mgeni, wewe mwajiri ndiye unayekwenda kwa Kamishna wa Kazi kabla hujampa chaki. Unaeleza kwa nini unamhitaji. Unaonyesha mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeishika nafasi hiyo baadaye. Mwalimu hawezi kuamka tu akajiombea kama anaomba kitambulisho cha kura.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapochemka. Ticha alikatwa mshahara. Miezi kumi, kila mwezi, na kwenye karatasi ya mshahara imeandikwa kabisa: "kibali". Alinionyesha. Akiuliza, anaambiwa faili liko Dodoma. Faili halikuwa Dodoma, wala Moshi, wala mahali popote chini ya jua. Na mimi sidhani kwamba Mkurugenzi alisahau. Mtu anayekumbuka kumrudisha mtoto nyumbani kwa ada iliyopungua 30,000 hasahau. Kumkalisha mwalimu bila kibali kunalipa, na hii ndiyo hesabu ambayo hatukuipiga. Mwalimu asiye na kibali haombi nyongeza. Haulizi habari za NSSF. Akiambiwa afundishe Jumamosi, na jioni, na likizo, anafundisha. Mshahara ukichelewa miezi miwili hana pa kwenda kushtaki, kwa sababu mlango wa kwanza atakaoubisha utamuuliza karatasi. Sisi wazazi tulikuwa tunasifu: jamani huyu mwalimu ana moyo, hachoki, hanung'uniki! Anung'unike kwa nani? Tulikuwa tunasifia hofu ya mtu tukidhani ni wito.

Tunaambiwa Mkurugenzi naye aliitwa. Alikwenda na gari lake, akarudi na gari lake. Jioni akatuma ujumbe kwenye grupu: "Tunawashukuru wazazi kwa moyo wa upendo mliouonyesha. Mungu awazidishie." Amina, Mkurugenzi. Na basi jipya la shule nalo Mungu alizidishe.

Mchango wetu basi ulifanya nini? Ulimlipia Ticha pango alilokuwa anadaiwa, ukamlipia gari, ukambakizia kidogo cha kuanzia. Sijutii hata shilingi. Lakini kila deni tulilomlipia lilikuwa la mtu mwingine, na huyo mtu hatukumtumia hata ujumbe mmoja wenye alama ya kuuliza. Watu walioweza kukusanya karibu milioni mbili kwa siku mbili wangeweza pia kukaa kwenye ngazi za ofisi ya shule wakasema ada ya muhula huu hailipwi mpaka tuone risiti ya maombi ya kibali. Hatukufanya. Tunaogopa watoto wataandamwa. Mimi pia niliogopa, nisijifanye shujaa kwenye kibodi.

Kuna waliopiga kelele kwamba sisi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu yako Arusha hapo, mgeni gani? Inapendeza kuisema. Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza kutumika Julai 2010, lakini haikufuta vibali. Kila nchi iliambatisha orodha yake ya kazi inazozifungulia mlango. Nyanya na vitunguu vyetu vinavuka kwenda soko la Taveta kila Jumatano na Jumamosi kwa raha zao kuliko mwalimu.

Na walioandika "arudi kwao" nao nina neno nao. Mji huu huu, Chuo cha Ushirika, mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na mwalimu kijana kutoka Uganda amemkimbia Amin. Leo ni Rais Museveni. Na Mwalimu tunayemwita Mwalimu, ualimu wenyewe alikwenda kuusomea Makerere. Hatukuanza jana kubadilishana walimu.

Haya. Kuna jambo moja nilitaka kuliruka, na mpwa wangu amenikatalia.

Mpwa wangu ana digrii ya ualimu, Hesabu na Fizikia, huu ni mwaka wa nne tangu amalize, anaendesha bodaboda stendi. Siku ile ya mchango alikuja kunichukua mabegi, akaniona nahesabu majina kwenye simu. Akaniuliza, "Shangazi, huyu mnamchangia kwa sababu gani?" Nikamweleza kwa hisia kweli kweli. Akanyamaza, akavaa helmeti, akasema, "Mimi nimepeleka barua pale pale mara tatu, Shangazi. Hata kujibiwa sijajibiwa." Sikuwa na la kusema. Ni kweli sheria ile imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye, na mimi nilikuwa naisema vibaya mbele yake huku amebeba viazi vyangu. Nakubali, kwa shingo upande, lakini nakubali. Ila hebu tazameni tena ni nani aliyewakosesha wote wawili. Mgeni alichukuliwa kwa sababu angeweza kubanwa, na mwenyeji akaachwa kwa sababu angedai mkataba. Ticha na mpwa wangu hawajawahi hata kuonana.

Pale Holili Ticha alinipa kitu cha kumpelekea binti yangu: daftari lake la maswali, yale aliyokuwa anayatunga mwenyewe usiku, limeandikwa kwa kalamu nyekundu na bluu. Akasema, "Mwambie aanze ukurasa wa 60, hayo ya mwanzo ameshayapita." Halafu akavuka. Hakugeuka, nadhani kwa makusudi.

Jumatatu nimepita shuleni kulipa ada, kama mjinga. Mwalimu mpya wa Hesabu ameshafika. Mganda, kijana mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Wenzangu wakawa wanamkaribisha chai. Mimi nikamuuliza kabla hata hajakaa: mwalimu, kibali chako kiko wapi?

Akacheka kwa aibu. Akasema Mkurugenzi anashughulikia, faili liko Dodoma.