Injini Imefaulu, Mafuta Bado

Mwaka 2019 kampuni ya Maersk iliitia meli yake kubwa ya makontena, Mette Mærsk, mafuta yaliyochanganywa na hadi asilimia 20 ya bayodizeli itokanayo na mafuta yaliyokwisha kukaangia, ikaituma kutoka Rotterdam hadi Shanghai na kurudi. Ni safari ya maili za baharini 25,000 hivi, na injini ilistahimili. Majaribio ya namna hiyo yamekuwa mengi tangu hapo. Singapore, bandari inayoongoza duniani kwa kuuza mafuta ya meli, mchanganyiko wa asilimia 24 uitwao B24 sasa ni bidhaa ya kawaida.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Meli hufanya kazi miaka 25 na zaidi. Zile za kutumia nishati mbadala kama methanoli na amonia bado ni chache, na bandari za kuzijazia ni chache zaidi. Mchanganyiko huu huingia tangi lilelile na kuchomwa na injini ileile. Tena tangu Januari 2025 Umoja wa Ulaya unazitaka meli kubwa zinazofika bandarini kwake zipunguze gesi joto kwa asilimia 2 kwa kila kipimo cha nishati, na kiwango hicho kitapanda hadi asilimia 80 mwaka 2050. Mwenye meli kuukuu ashike lipi?

Mafundi wa mitambo nao wana yao. Bayodizeli huvuta maji, na penye maji vijidudu huzaliana. Hung'oa uchafu wa zamani tangini ukaenda kuziba vichujio, na ikikaa sana huharibika. Yote kweli, lakini dawa yake ni usafi na uangalifu. Hayo hayanitishi.

Kinachonitisha ni kikaango. Meli za dunia huteketeza takribani tani milioni 300 za mafuta kwa mwaka. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika ni haba mno mbele ya mahitaji hayo, na mashirika ya ndege yanayagombania pia. Haba ikikutana na bei nzuri, ulaghai haukawii: huko Ulaya kuna tuhuma za muda mrefu kwamba mafuta mabichi ya mawese kutoka Asia hupenyezwa kwa jina la masalia ya jikoni. Ikiwa ndivyo, meli inajisifu kwa usafi huku nyuma yake msitu umefyekwa.

Watetezi husema masalia hayahitaji shamba. Sawa, madamu ni masalia. Kisarawe, Tanzania, tunajua upande wa pili: kampuni ya Kiingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji ili ilime mbono, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta ya bayodizeli, ikafilisika mwaka 2011, wanavijiji wakabaki wakidai ardhi yao.

Kwa hiyo nayakubali majaribio, ila yameelemea mno kwenye injini. Heri yanayofanywa na GCMD, kituo cha Singapore cha kupunguza hewa ukaa ya meli, ambacho kimejaribu kutia alama za kikemikali ndani ya mafuta ili yafuatiliwe hadi melini. Mbinu hiyo inaweza kumnasa anayeyachanganya njiani. Yaliyotokea kabla ya alama kutiwa, kati ya jiko la mgahawa na mkusanyaji wa madumu, bado tunayasoma kwenye karatasi za muuzaji.