Pasiwadi ya Hasira

Mimi ni mkazi wa London. Usiniulize habari za visa. Ni London ya hapa Nakuru, ile ambayo upepo ukishuka kutoka Menengai unaletewa vumbi hadi mlangoni bila kuagiza. Huku ndiko ninakolipa kodi, huku ndiko ninakolipia waifai shilingi 1,500 kila mwezi, na huku ndiko Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kochi langu, mbele ya ruta yangu, kile kisanduku cha waifai, taa zake zote zikinikonyeza kijani, na nisiweze kuingia.

Nilikuwa nimesahau pasiwadi. Watangazaji wa redio wanaiita nywila. Iite unavyotaka, sikuwa nayo.

Najua kuna mtu ameshapaza sauti: "Si uangalie chini ya ruta!" Ngoja, tutafika huko chini.

Mambo yalianzia kwenye karai. Niliinama kusuuza soksi, simu ikachomoka mfuko wa shati ikazama kichwa kwanza. Nikaizika kwenye mchele siku mbili kama nilivyoshauriwa. Haikufufuka, na mchele tukaula. Nikapata nyingine kwa mtu anayeuza simu zilizotumika, simu nzuri tu, ila haimjui mtu. Kila nikigusa jina la waifai yangu inaniuliza pasiwadi kama askari wa geti aliyeajiriwa jana. Nikawa natumia bando, najiambia kesho nitakumbuka. Wiki ikaisha.

Halafu mama mkwe akaja.

Sisi watu wa Bungoma tunajua uzito wa sentensi hiyo. Mama mkwe humpi mkono, humkalii karibu, na kwako hawezi kulala. Alikuwa amefikia kwa dada yake kule Free Area, akaja kwetu kushinda tu na kumwona mjukuu. Alikuja na simu mpya, kubwa kama sinia, aliyonunuliwa na mkwe mwenzangu wa Nairobi. Huyo mkwe mwenzangu nitamwongelea siku nyingine, nikiwa na nafasi na presha yangu iko sawa.

"Baba Nasimiyu," akasema baada ya chai, "saa kumi tuna kikao cha kikundi chetu cha akina mama, kwa video. Mimi ndiye mweka hazina. Niwekee waifai."

Niliangalia saa. Saa sita na nusu.

"Bila shaka, Mama."

Nikaenda jikoni kwa mama Nasimiyu. Simu yake iko ndani ya waifai, raha mustarehe, inacheza video za kupika chapati za maji. Pasiwadi hajui, kwa sababu mwaka juzi nilipoibadilisha nilimwandikia mwenyewe nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu za kifamilia ambazo si vizuri kuzitaja mama mkwe akiwa sebuleni. Kwa hiyo simu inaijua pasiwadi, iko ndani yake, na inanyamaza kama shahidi aliyehongwa. Simu za Android 10 kuendelea, zile zilizoanza 2019, ukigusa mahali pa kushiriki zinakutolea mraba wa vidoti, mwenzako anaupiga picha na kuingia, mambo yameisha. Ya mama Nasimiyu ni Android 8. Haina mraba, haina huruma.

Nikaanza kubahatisha. Nakumbuka vizuri siku niliyoiweka: ilikuwa usiku, nilikuwa na hasira. Hasira naikumbuka yote. Maneno ndiyo yalitoka. Nikaandika jina la Nasimiyu na mwaka aliozaliwa. Kosa. Jina la kijiji. Kosa. Nakuru123, hakunabure, nunueniyenu. Kosa, kosa, kosa. Nikajaribu moja fupi, ikakataa hata kujaribiwa, maana isiyofika herufi nane haihesabiwi. Nikakumbuka watu huweka majina ya wanyama, nikamwuliza mama Nasimiyu kwa sauti ya chini, "Yule ng'ombe mweusi wa mahari tulimwita nani?"

Mama mkwe akajibu yeye kutoka kwenye kochi.

"Yule hakuwahi kutoa maziwa."

Nikarudi kwenye ruta, nikaigeuza. Haya, wewe uliyekuwa unapiga kelele, tumefika chini. Kuna kibandiko kweli, na juu yake kiwanda kiliandika jina la mtandao na pasiwadi ya kuzaliwa nayo. Kwanza, hiyo si ile niliyoweka mimi. Pili, mke wangu ni mtu wa usafi. Kila Jumamosi ruta inapanguswa na kitambaa chenye sabuni, juu na chini, na baada ya miaka mitatu kilichobaki kwenye kibandiko ni herufi mbili, nukta moja, na kitu ambacho kinaweza kuwa sifuri, O, au alama ya kitako cha kikombe.

Nikapigia kampuni. Nilisikiliza muziki hadi nikaujua. Nikakata.

Ikabidi aitwe Injinia. Injinia ni jirani wa mlango wa tatu, na cheo hicho alikipata kwa kutengeneza rimoti ya televisheni kwa kuipiga kwenye goti. Aliingia akiwa na kijiti cha meno mdomoni, akamsalimu mama mkwe kwa heshima, akaishika ruta kama daktari anayeshika mtoto. Kwanza akabonyeza kitufe cha WPS. Zamani kitufe hicho kilikuwa kinaingiza simu ndani bila maswali. Simu za siku hizi zimeacha mchezo huo. Akaguna. Kisha akaona kile kitundu cha nyuma.

"Dawa yake hii hapa," akasema. "Unachoma, unashikilia kama sekunde kumi, kila kitu kinarudi kama kilivyotoka kiwandani."

"Na pasiwadi?"

"Inarudi ile ya kibandiko."

Tukatazamana, mimi na Injinia, halafu sote tukatazama kibandiko. Lakini huyu bwana akishashika kitu huwa amekishika. Alikuwa ametoa kijiti mdomoni, amekielekeza kwenye kitundu, wakati simu yangu ilipoita. Ni mpwa wangu, anasoma Egerton kule Njoro, nilikuwa nimemtumia ujumbe tangu asubuhi.

"Anko, usiniambie umeiriseti."

"Bado. Injinia ndio anaingiza kijiti."

"Mzuie! Ikiriseti inasahau hata jina na pasiwadi ambayo kampuni ilikuwekea ya kuvuta intaneti kutoka kwao. Hutapoteza waifai ya simu yako peke yake, utapoteza mpaka ya anti!"

Jikoni video ya chapati ilikuwa inaendelea. Niliona maisha yangu ya ndoa yakipita mbele ya macho. "Injinia, acha!" nikapiga kelele, naye akashtuka, na kijiti kikasema *tak*. Nusu mkononi mwake, nusu ndani ya kitundu. Kipo humo hadi leo. Ruta haitariseti tena katika ukoo huu, na nadhani ndiyo salama yangu.

Mpwa akaniambia nitumie simu ya anti yake, nifungue kivinjari, niandike pale juu 192.168.1.1, nitafika kwenye ukurasa wa ruta yenyewe. Nikafika. Ukurasa ukadai jina na pasiwadi ya msimamizi. Yaani pasiwadi ya kuangalia pasiwadi. Nikaweka admin na admin, ile ambayo watu wote duniani huweka.

"Haitaingia, Anko. Hiyo nilikubadilishia mwaka juzi, nikakuandikia kwenye kalenda ya bucha, pale ukutani."

Pale ukutani pana msumari. Kalenda ilishuka Januari, na mama Nasimiyu hatupi karatasi ngumu. Nikamwita mtoto. Nasimiyu akanieleza kwa utulivu kwamba kalenda imefunika daftari lake la Hisabati, upande ulioandikwa umeangalia ndani na umegandishwa kwa gundi, na daftari limechukuliwa na mwalimu kwenda kusahihishwa. Kwa hivyo pasiwadi ya msimamizi wa nyumba hii iko Gredi ya Nne. Imenipita kielimu.

Saa nane na dakika ishirini. Mama mkwe akajisafisha koo. "Kule Nairobi," akasema bila kumlenga mtu, "unaingia tu mlangoni, simu inashika yenyewe."

"Anko," mpwa akauliza, "ile laptopu yako ya zamani iko? Si iliwahi kuingia kwenye waifai hiyo?"

Iko chini ya kitanda, ndani ya begi pamoja na fotokopi za hati za shamba. Haina betri ya maana; inawaka ikiwa kwenye chaja tu, na chaja lazima ikae imepinda upande wa kushoto huku mtu ameikanyagia waya. Injinia akajitolea kukanyaga, nadhani kwa kulipia kijiti. Halafu herufi E imeng'oka. Pamebaki kichunusi cha mpira, unakibonyeza kwa ukucha.

"Fungua ule ubao mweusi," mpwa akasema. "Kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd. Umeuona? Sasa andika netsh."

"Neti nini?"

"N kama Nakuru. E kama Eldama Ravine. T kama Timboroa. S kama Salgaa. H kama Homa Bay."

Hapo sasa ananiongelesha lugha ya matatu, naielewa. Acha nafasi. W kama Webuye, L kama Londiani, A kama Ahero, N kama Njoro. Nikasafiri hivyo hivyo, kila kituo nikishusha herufi, na kila Eldama Ravine nikichomeka ukucha kwenye kichunusi. Jina la mtandao wangu lina maneno mawili, Hakuna Bure, kwa hiyo likadai lifungwe ndani ya vile vikoma viwili vinavyoning'inia juu. Dakika ishirini baadaye, jasho likinitiririka, mstari ulikuwa umekamilika:

netsh wlan show profile name="Hakuna Bure" key=clear

Mstari mmoja! Nilitaka kulia. Kumbe laptopu huweka pasiwadi zote ilizowahi kutumia, na ukiiuliza kwa heshima inakusomea.

"Bonyeza ingiza. Tafuta palipoandikwa Key Content. Mbele yake ndiyo hiyo."

Nikabonyeza. Maandishi yakamwagika. Nikapitisha kidole kwenye kioo hadi nikapaona.

Sasa ile hasira ikarudi na maneno yake. Mwaka juzi ndugu wawili wa mama Nasimiyu walikuja kwetu kwa wikendi moja. Walikuja Machi. Kufikia Mei bado ilikuwa wikendi. Wanalala saa tisa usiku wakishusha filamu, na mimi ninayelipia nikifungua taarifa ya habari naona kiduara kinazunguka. Ndipo nilipomwita mpwa, nikakaa mbele ya ruta, nikaandika pasiwadi ambayo ningependa kuwaambia mdomoni nikashindwa. Walikaa siku nne bila waifai, wakakumbuka kwao.

Pale kwenye kioo cheusi, kwa herufi nyeupe, palikuwa pameandikwa: ShemejiRudiKwenu.

Mama Nasimiyu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisoma, akachukua sufuria ambayo haikuwa na kitu, akarudi nayo jikoni.

"Imepatikana?" mama mkwe akauliza.

"Imepatikana, Mama. Weka simu hapo mezani nikuandikie."

"Hapana. Kila mara naandikiwa, ndiyo maana sijui kitu. Leo nataka kujua." Akavaa miwani, akafungua daftari la hazina la kikundi ukurasa wa nyuma, akatoa kalamu. "Isome polepole. Naandika hapa kwanza, nikirudi nisikusumbue. Tena nitawatumia na vijana, wanakuja Desemba."

Injinia aliachia waya. Laptopu ikazima. Haikusaidia, kwa kuwa sasa nilikuwa naijua kwa moyo.

Nilichagua kuisoma kwa mtindo wa mpwa, labda isingefanana na maneno. "S kubwa, Mama, kama Salgaa. H ndogo, kama Homa Bay. E, Eldama Ravine. M, Molo. Eldama Ravine tena. J kama Juja. I kama Iten."

"Endelea."

"R kubwa, Rongai. U, Ugunja. D, Dundori. Iten."

"Hii ni pasiwadi au ratiba ya basi?"

"K kubwa, Kericho. Webuye. Eldama Ravine. Njoro. Ugunja. Basi, Mama, imeisha."

Akainakili kwenye simu, herufi moja moja, ulimi ukiwa umechungulia pembeni mwa mdomo. Alikuwa amegusa kile kijicho ili aone anachoandika. Akamaliza. Akavuta miwani mbele kidogo, akairudia tangu mwanzo, midomo ikitembea. Ilitembea mara ya kwanza. Ikatembea mara ya pili, taratibu zaidi.

"Baba Nasimiyu," akasema.

Simu yake ikalia *tii*. Imeunganishwa.