Plazima isipewe kazi iliyofanywa na hewa

Kati yetu walimu wa kemia hapa Tabora, wapo wanaoona kwamba kutambua kemikali zilizojengeka juu ya shaba baada ya kupitishwa kwenye plazima baridi (gesi inayowashwa kwa umeme bila joto kali) ni kazi ya jedwali tu: piga eksirei, pima nishati ya elektroni zinazochomoka, soma kilele cha mchoro, taja jina. Anayedai vipimo zaidi huonekana msumbufu. Naona hajaeleweka.

Wenye jedwali wana hoja. Kilele cha naitrojeni katika nitrati huwa karibu na elektroni-volti 407, katika nitraidi karibu na 397. Kwa pengo la 10 hapotei mtu, na kila kipimo cha ziada kina gharama yake.

Sasa tutazame shaba yenyewe. Kilele kikuu cha shaba tupu kiko karibu na 932.6, cha oksidi yake nyekundu, karibu na 932.4. Tofauti ni 0.2! Vipimo hivyo husahihishwa kwa kilele cha kaboni ya uchafu unaotua juu ya sampuli, ambacho kwa mazoea huhesabiwa kuwa 284.8, na kosa la usahihishaji huo laweza kuzidi hiyo 0.2. Kibaya zaidi, oksidi hiyohiyo isiyotofautishika na shaba tupu ndiyo hewa huijenga juu ya shaba safi, plazima isiwepo kabisa. Misafara ya Wanyamwezi ilileta shaba ya Katanga karne ya 19, na kila aliyewahi kusugua bangili kwa ndimu anajua mng'ao wake haukai. Eksirei nayo huonyesha nanomita zipatazo 10 tu za juu, palepale hewa inapoanzia kazi. Sampuli ikitolewa kwenye plazima na kubebwa wazi hadi mashineni, tunachokipa jina huenda kilizaliwa njiani.

Kwa hiyo "wasumbufu" hudai mstari wa Auger (kilele kingine, cha elektroni zinazotolewa atomu inapojipanga upya baada ya kupigwa eksirei), ambapo nishati ya mwendo ni 918.6 kwa shaba tupu na 916.8 kwa oksidi: pengo mara tisa ya ile 0.2. Hudai pia infraredi ielekezwe kwenye uso wa shaba plazima ikiwa bado inawaka, ili kemikali zisomwe kabla hewa haijafika. Vyote vikikosekana, huomba kipande cha pili cha shaba kipitishwe njia ileile, gesi ileile, muda uleule, plazima ikiwa imezimwa, ili ionekane ni kipi kinajengeka bila plazima. Kipande hicho hakigharimu kitu kikubwa, na sioni kwa nini ripoti yoyote ikikose.