Mgeni Aliyekataa Kuingia Ndani

Mchuzi wa kuku uliimwagikia kanzu yangu Ijumaa usiku, na harusi ya binamu yangu ilikuwa kesho yake jioni. Nayo ndiyo kanzu pekee niliyotoka nayo Tanga. Asubuhi nikaifua kwa mkono ikatakata, nikashuka nayo kwenye mashine ya kukaushia ya wapangaji wote. Nikakuta imebandikwa karatasi: mbovu.

Nikampigia mama. Mama hajawahi kuvaa hata sweta.

"Huku jua ndiyo linazama. Huko lipo?"

"Lipo, mama, linawaka mpaka macho yanauma."

"Basi anika, mwanangu. Hilo nalo la kupigia simu?"

Hakukosea, jua lilikuwepo. Ila hii ilikuwa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, Februari 2019, na jua la huko majira hayo ni kama taa ya friji: linakuonesha vitu, joto halikupi. Mwisho wa Januari tulishapigwa nyuzi 33 chini ya sifuri. Baridi ilipolegea kidogo ikaja theluji, na mwezi ule pekee ilishuka karibu mita nzima, kupita Februari zote zilizowahi kupimwa pale. Gari langu lilikuwa halina kwao. Theluji ikizidi mji hutangaza dharura, leo uegeshe upande wa nyumba za witiri, kesho uhamie za shufwa, magari ya kukwangua yapite. Mume wa wake wawili ana nafuu.

Nikaianika uani. Mama alitufundisha kanzu hupitishwa fimbo mikononi isijikunje, basi nikapitisha mpini wa ufagio, nikaitundika kwenye kamba. Mguuni nilikuwa na soksi na kandambili. Vidole viliniaga kabla sijamaliza.

Baada ya saa moja natoka, kanzu haipepei. Naigusa: ko! Kama nimebisha hodi. Nikaitoa kwenye kamba ikabaki vile vile, kifua mbele, mikono imetanda, kama trafiki aliyesimamisha magari pande zote mbili. Mlango ukaikataa. Nikaipitisha ubavuubavu, mkono ukakwama kwenye fremu. Nikaipindua juu chini, pindo likagonga taa. Kuikunja kwa nguvu nikaogopa kuvunja nyuzi. Mwisho nikaichomeka kwenye tuta la theluji mbele ya nyumba, isimame hapo kwanza nifikiri. Na kwa kuwa mtu hafikirii akiwa na kandambili kwenye theluji, nikaenda kufikiria ndani, na chai.

Mama akapiga tena. "Imekauka?"

"Imekauka, mama."

"Si nilikwambia!"

Sikusema uongo. Hata maiti hukauka.

Mara mlango ukagongwa. Bibi wa nyumba ya mkabala, kajifunika mpaka yamebaki macho. "Samahani kijana, mgeni wako amesimama nje nusu saa sasa. Huna mpango wa kumfungulia?"

Mimi! Mtoto wa Tanga, niambiwe namwacha mgeni nje! Nimesikia mengi tangu nifike Marekani, lakini hilo liliniingia. Nikamchukua mpaka kwenye tuta, nikawatambulisha. Akaizunguka kanzu mara mbili, akaigonga kwa kidole, akacheka mpaka akashika uzio. Kisha akaniambia kwamba zamani mama yake alianika nepi nje baridi yote. Nguo hukakamaa kwanza, halafu barafu hutoweka hewani yenyewe bila kurudi kuwa maji.

"Kwa hiyo mama yangu kasema kweli?"

"Kweli kabisa. Ipe siku mbili."

Siku mbili ningezitoa wapi? Tukaibeba yeye huku mimi kule, tukaipenyeza kwa mlango wa nyuma, nikaisimamisha kwenye beseni la kuogea ilegee. Nikaenda kuswali adhuhuri.

Nilichosahau ni kwamba mke wangu alikuwa zamu ya asubuhi. Niko rakaa ya pili, namsikia anaingia, anavua mabuti, anasukuma mlango wa bafu. Bafu letu halina dirisha. Kabla hajapapasa swichi akaona mtu mrefu, mweupe, hana kichwa, kamfungulia mikono. Na kwa kuwa barafu ilishaanza kulegea, wakati ule ule yule mtu akainama.

Alichosoma mke wangu pale kilikuwa nusu ya Ayatul Kursi na nusu ya kitu kingine, kwa sauti iliyowashusha wapangaji wa juu. Nami kwenye swala siwezi kumjibu. Hajanisamehe zile rakaa mbili zilizobaki.

Harusini nilivaa kanzu iliyokaushwa kwa kikausha nywele chake, kwapa moja bado bichi. Tuliporudi usiku, juu ya tuta lile lile imesimama suruali ya jinzi, imeganda, imetanua miguu, mwenyewe hayupo. Kumbe mtaani kwetu ni mzaha wa kila baridi. Watu huloweka suruali makusudi, wakazigandisha na kuzisimamisha mbele ya nyumba, na jirani fulani alidhani kanzu yangu imekuja kushindana.

Mke wangu akaipita bila kuitazama.

"Huyu mwambie mapema," akasema, "kwangu hatalala."